Moshi Nyuma ya Ukuta

Nyasho, Musoma
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Tumefika, na leo ni siku ya kumi na tisa tunalala huku. Mtoto ni mzima, mimi ni mzima, naomba na wewe uwe unaamka vizuri. Ningepiga simu ya kaka Masanja lakini wewe na simu hamuelewani, tangu mashine za kiwandani zilipokumaliza masikio, na meseji ulisema haina mwandiko wa mtu. Basi naandika. Baltazari wa dagaa amesema akishusha mzigo Bunda atakufikishia mpaka mlangoni.

Wakati naondoka uliniambia, niandikie mji ulivyo, usiniandikie salamu tupu. Mji ni mawe, baba, kama ulivyokuwa unatusimulia. Nyumba zimejibanza katikati ya mawe kama kuku waliotafuta kivuli. Upepo wa ziwa unaanzaga mchana, unaleta vumbi na harufu ya samaki, nguo nikianika lazima nizifunge fundo kwenye kamba la sivyo nazifuata kwa jirani. Chumba chetu mwenye nyumba ni mama Sara. Alikuwaga kiwanda cha minofu ya samaki, watu walipopunguzwa na yeye akapunguzwa.

Kitu kimoja kimenishangaza. Huku ukimuuliza mtu kazi yake anakuambia kwanza ile aliyokuwaga nayo. Huyu nilikuwaga mfumaji, huyu nilikuwaga kwenye minofu, huyu nilikuwaga dereva wa kampuni. Halafu ndio anasema, sasa hivi nina bodaboda. Ni kama mji mzima umeamka na haujanawa uso. Lakini watu hawajakaa, baba, kila mlango unauza kitu, hata barafu, hata maji ya kuchemsha. Mume wangu Gody alinipitisha mitaa ya Iringo nikaona maduka. Vitenge ni vizuri ila nikageuza pindo nikaona vimetoka mbali, hakuna kilichofumwa hapa.

Kiwanda chenu nimekiona, kwa nje. Ukuta umesimama, majani yameota juu yake, geti lina kutu. Lakini moshi unatoka. Uko nyuma ya ukuta, upande wa ziwa. Asubuhi wanawake wanaingia na mabeseni ya samaki, mlinzi anawafungulia, na moshi unapanda. Nikamuuliza mlinzi kuna nini humo, akasema wanakifufua taratibu. Sikuelewa wanafufua nini, mtoto alikuwa analia, nikaondoka.

Gody anahangaika na kazi, leo hapa kesho pale. Justina wako ameota jino la chini.

Binti yako,
Consolata


Kijijini, Bunda
9 Machi 2025

Mama yangu Consolata,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Mwambie mke wangu Justina kwamba jino moja halitafuni mahindi ya kuchoma ya mume wake, aongeze.

Sasa tulia unisome vizuri. Kiwanda cha nguo hakitoi moshi kwa mchezo. Moshi ni boila, lile tanuri la mvuke, na boila inawashwa kwa ajili ya wanga. Nyuzi kabla hazijapanda kwenye mashine zinapitishwa kwenye uji wa wanga wa moto, zikauke, zishupae, la sivyo zinakatika kama nywele. Kwa hiyo ukiona moshi, ujue nyuzi zimeshafika. Nyuzi zikishafika, wafumaji wanaitwa. Ile mara ya mwisho tuliposimama miezi mitano na kurudi ilikuwa hivyo hivyo, moshi kwanza, king'ora baadaye, na mimi niliitwa shifti ya kwanza.

Nataka uniangalizie mambo. Moshi ni mweupe au mweusi? Kuna harufu kama ya uji ulioungulia? Asubuhi kuna watu getini wanasubiri? Na usikilize king'ora. Mimi hata kikilia nikiwa nimesimama chini yake sikisikii tena, utanisikilizia wewe.

Nimefungua sanduku la marehemu mama yako nikatoa kitambulisho changu. Namba 417. Picha imefifia, namba inasomeka. Watawaweka vijana ambao hawajui hata kuunga uzi uliokatika, nawajua. Wewe unajua. Nilikufundisha una miaka sita, kwa nyuzi za magunia ya pamba, ukanipita kwa kasi. Watu kama sisi lazima watafutwe.

Baba yako,
Silasi


Nyasho
16 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Masanja alinipigia juzi. Amesema umeamka mwenyewe bila kuitwa, umemaliza ugali, na umekwenda mpaka dukani kwa miguu yako kununua kalamu. Tangu tumzike mama sijapata habari kama hiyo. Nilikaa chini nikalia kidogo, mama Sara akadhani nimefiwa.

Umeuliza moshi. Ni mweupe, baba. Harufu ipo. Watu getini asubuhi wapo, wengi, wengine wanafika kabla jua halijatoka. Siku hizi mlinzi ameshanizoea, naingia mpaka ndani. Lile jumba lenu la kufumia bado lina paa, na madirisha ya upande wa ziwa yana vioo baadhi.

King'ora sijakisikia. Hayo ya wanga siwezi kukuambia, mimi si mtu wa boila.

Gody anakusalimia. Leo siandiki sana, nimechoka, na mikono inanuka samaki hata nikiisugua na majivu.

Endelea kula hivyo hivyo, baba.

Consolata


Kijijini, Bunda
23 Machi 2025

Mama yangu,

Mweupe. Nilijua. Mweusi ungekuwa wa takataka.

Nimeamua jambo. Alhamisi tarehe 3 mwezi wa nne nampeleka Tajiri mnadani. Unafahamu Tajiri ni ng'ombe wa kuongoza jozi ya kulimia, na analifahamu shamba kuliko Masanja, lakini siwezi kuingia mjini kama ombaomba nikikaa kwenye chumba cha mkwe wangu nimekunja miguu. Nitapanga chumba changu hapo Nyasho, niamke, nitembee kwenda kazini kama zamani. Wakitaka mtu wa kusimama kwenye mashine, nipo. Wakitaka mtu wa kufundisha, nipo zaidi.

Masanja hajapenda. Ananinyooshea kidole zizini na kutikisa kichwa, mdomo unakwenda kama wa mbuzi. Mimi namwangalia tu, kuna raha zake kutosikia. Najua anachowaza, baba akiuza ng'ombe mimi nitabaki na nini. Mwache. Mshahara wa kwanza utamnyamazisha.

Ukijibu, nijibu kitu kimoja tu. Nitafutie chumba ambacho hakina ngazi za mawe, magoti yangu si ya 417 tena.

Silasi


Nyasho
Jumatano, 26 Machi 2025

Baba,

Usimuuze Tajiri. Soma hapo kwanza, halafu ndio uendelee.

Ule moshi ni wetu. Ni sisi wanawake, tumepanga mapipa yaliyokatwa nusu nyuma ya ukuta, tunabanika samaki. Nilikuandikia mara ya kwanza kwamba wanaingia na mabeseni, wewe ukaona moshi tu. Mimi mwenyewe sasa ni mmoja wao. Wiki ya tatu nabanika na mama Sara, mtoto mgongoni, ndio maana mlinzi amenizoea. Watu wanaosubiri getini asubuhi ni wanunuzi. Harufu ni ya samaki.

Boila haipo. Mahali pake kuna shimo lenye maji ya mvua, vyura wanalia humo. Mashine hazipo hata moja. Jumba lenu ni sakafu tupu yenye matundu ya bolti, safu kwa safu. Mlinzi aliposema wanakifufua alimaanisha wanapangisha kipande kipande. Kuna fundi wa kuchomelea, kuna stoo ya saruji, Jumapili kuna watu wanasali. Ndio kufufuka kwenyewe.

Baba, kwenye barua ya pili habari za moshi sikuandika uongo, niliandika kweli iliyokatwa vipande, na nilijua wewe utaiunga vipi. Masanja alikuwa ameniambia umekula. Nikasema moyoni, mwache ale wiki moja, mbili, nitamwambia akishapata nguvu. Ng'ombe hakuwepo kwenye mawazo yangu.

Na Gody hayupo. Aliondoka tarehe 10 kwenda machimboni, upande wa kwao Butiama. Alisema mwezi mmoja. Salamu zake nilikuandikia mimi.

Nimempigia Masanja akuzuie kwa njia yoyote. Barua hii nampa Baltazari leo hii mkononi, amesema kesho kutwa utakuwa nayo.

Nisamehe.

Consolata


Kijijini, Bunda
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Consolata,

Gari la Baltazari lilikatika ekseli likalala njiani wiki nzima. Barua yako amenikabidhi jana Ijumaa. Mnada ulikuwa Alhamisi.

Masanja aliniandikia chini kwa kijiti, HAKUNA KIWANDA. Nilifuta kwa mguu. Nilidhani anatetea zizi.

Aliyemchukua Tajiri ni mtu wa mbali. Kamba nimebaki nayo, kwetu anayeuza ng'ombe hauzi kamba. Nilirudi nayo begani, watoto wa njiani wakaniuliza ng'ombe yuko wapi.

Sina hasira. Nimechoka. Usiniandikie tena habari za mji.

Baba yako,
Silasi


Nyasho
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Umenikataza na mimi nimeandika. Ukitaka umpe Masanja awashie moto, lakini nakuomba kwanza usome, kwa sababu safari hii sikati kitu.

Masanja ananiambia umerudi kitandani. Anasema kamba ya Tajiri umeining'iniza ukutani mbele yako na unaiangalia. Hajakulaumu, baba. Analia tu kwamba alishindwa kukuambia.

Gody ametuma ujumbe. Hajapata kitu huko chini, ila hajaumia. Nimemjibu arudi, hata kama ni mikono mitupu, mtoto ameanza kuwaita baba wanaume wanaobeba barafu.

Sasa habari yenyewe. Wiki mbili zilizopita waliingia watu kwenye jumba lenu. Walifagia, wakaleta marobota ya nyavu. Huku siku hizi watu wanafuga sato humo humo ziwani, kwenye vizimba. Kizimba ni kama chandarua kikubwa kilichogeuzwa, mdomo juu, kinazama majini, samaki wanakulia ndani. Nyavu zinakatwa na kuunganishwa kwa mkono. Msimamizi anaitwa Florian, mwembamba, mwenye maneno. Ameajiri wanawake ishirini wa hapa Nyasho, na mimi sikuwemo, mimi nilikuwa kwenye mapipa.

Jumatano niliingia kuomba maji ya mtoto. Nikamkuta anawafokea. Vizimba viwili vimeachia ziwani na sato wamekwenda zao, kwa sababu mafundo yakilowa yanateleza. Nikaangalia mikono yao. Baba, wanafunga lile fundo la kufungia mzigo wa kuni. Nikakaa chini na mtoto mgongoni, nikachukua nyuzi mbili, nikafunga lile lako la kuunga uzi uliokatika. Sikuwaza, vidole vilikwenda vyenyewe. Florian akalivuta kwa mkono, akalivuta kwa koleo, akalichovya kwenye ndoo akalikanyaga na kuvuta tena. Halikutoka.

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, "Baba yangu. Alikuwaga humu humu, kwenye sakafu hii."

Akasema, "Anaweza kuja kuwafundisha hawa?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia wewe husikii kabisa.

Akasema, "Hata hawa hawasikii, nawaambia kila siku." Wale wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha sindano.

Mimi amenichukua tangu siku hiyo. Sasa nakuandikia yote ili usije ukaunga mwenyewe. Hii si ajira ya kitambulisho. Wanalipa kwa kipande. Ni ya miezi mitatu, ikiisha hakuna anayejua. Mashine hakuna wala hazitakuja. King'ora hakuna. Tunakaa chini kwenye mikeka na mvua ikinyesha maji yanaingia mlango wa nyuma. Chumba cha peke yako hatutakipata, utalala kwetu, na mtoto analia alfajiri, ila hilo halitakusumbua.

Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha wavu nilichounga mwenyewe, mafundo matano. Ni haya tu, baba. Usiponijibu nitaelewa.

Consolata


Kijijini, Bunda
27 Aprili 2025

Mama yangu Consolata,

Marahaba. Nilimpa Masanja awashie moto, kweli. Akakataa. Akachomoa kile kipande cha wavu akakiweka juu ya blanketi yangu, akatoka nje, akaniacha nacho.

Nilikaa nacho siku nzima sikukigusa. Jioni nikakigusa. Fundo la kwanza zuri, la pili zuri, la tatu umelikaza kabla hujalivuta, ndio maana limekaa upande. La nne na la tano ni yangu kabisa, hata mimi ningedhani nimefunga mwenyewe.

Nikaishusha kamba ya Tajiri ukutani, nikaifumua. Ilinichukua siku mbili, ilikuwa imesokotwa vizuri, na katani yake bado ni nzima. Nimekuwa nikifunga na kufungua tangu hapo. Mwanzo vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Sasa vimerudi, si vyote, hiki cha mwisho cha kushoto kimegoma. Masanja amekaa karibu ananiangalia, na jana alijaribu. Mikono yake ni ya jembe, lakini amefunga matatu. Amenunua ndama kwa ile hela ya Tajiri, dume, bado ananyonya vidole vya watu. Kulima Novemba tutaazima jozi ya jirani, nimekwenda mwenyewe kumwomba.

Nakuja Jumatatu ya wiki ijayo na Baltazari, akiwa na ekseli. Siji kwa ajili ya kiwanda, nimekuelewa, hakipo. Kitambulisho nakiacha sandukuni kwa mama yako. Nakuja kwa sababu samaki wanatoroka kwa kukosa fundo ambalo watu wawili tunalo, na mmoja wao ana mtoto mgongoni. Miezi mitatu ikiisha nitarudi kuvuna pamba.

Mwambie huyo Florian asinipigie kelele, atajichosha bure. Anionyeshe kwa mkono. Gody akirudi kabla yangu, usimseme, mpe chakula. Mke wangu Justina nitamletea hindi, litamkuta na meno mangapi sijui.

Jambo la mwisho. Ingia kwenye jumba, simama dirisha la upande wa ziwa, hesabu safu za matundu. Safu ya tatu, tundu la nne na la tano, hapo katikati ndipo nilipokuwa nasimama. Mwanga unaingilia kushoto, mkono wako haukutilii kivuli kwenye kazi yako mpaka saa kumi na moja. Na sakafu ya hapo imenyanyuka kidogo, maji hayafiki. Nilipata mahali pale baada ya kungoja miaka miwili aliyekuwepo astaafu.

Tandika mkeka wako hapo. Mimi nitakaa popote.

Baba yako,
Silasi